Majina Yaliyotokea Kwenye Simu

Juzi nilimtumia binti yangu pesa ya madaftari. Akasoma ujumbe, akanipigia: "Mama, mbona umetuma wewe halafu hapa wanasema imetoka kwa Mjomba?" Nikamwambia akanunue madaftari kwanza. Swali lenyewe si gumu. Laini ni ya kaka, kaka yuko Juba, na jina halibadiliki mpaka yeye mwenyewe afike na kitambulisho chake. Lakini jioni nzima mawazo yalinirudisha Busia ya Uganda, Julai ya 2018, kwenye kile chumba nyuma ya soko.

Siku zile nilikuwa bado nafanya kazi kwa Hajati, muuza mchele. Ukaja mradi kutoka Kampala kuwafundisha akina mama wa mpakani kuuza kwa simu, nami nikachukuliwa kuwa mkalimani, maana pale ukisema Kiganda kitupu umewaacha Wasamia nje, na ukileta Kiingereza umebaki unajisemea peke yako. Malipo yalikuwa soda, nauli na cheti. Cheti bado ninacho.

Wiki yenyewe ilikuwa na mkosi. Tarehe 1 Julai serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetaka kufungua WhatsApp, Facebook na nyinginezo, kodi tuliyoiita OTT. Siku hiyo hiyo ikaanza asilimia 1 kwenye miamala ya pesa za simu, na OTT yenyewe ililipwa kwa pesa za simu! Mwalimu wetu, kijana mpole mwenye shati lililopigwa pasi kama la bwana harusi, alipofungua somo la kupiga picha bidhaa na kuzirusha WhatsApp, nusu ya simu zilikuwa hazifungui kitu, na zilizobaki zilikuwa katochi, zile simu ndogo za vitufe zenye tochi. Nje ya dirisha vijana walikuwa wanawawekea watu VPN, programu ya kuikwepa kodi ile, kwa pesa. Somo la picha likafia hapo.

Ndipo akasema tufanye zoezi ambalo hata katochi inaliweza: kila mmoja amtumie jirani yake wa kulia shilingi 1,000.

Aliyeanza ni Nalongo, muuza mukene, yaani dagaa. Akabonyeza, akaweka namba ya siri huku amefunika simu kwa leso, ujumbe ukaingia. Miwani hakuja nayo. "Nisomee, mwanangu." Nikasoma kwa sauti: umetuma shilingi 1,000 kwa fulani bin fulani. Jina la mwanamume.

Nalongo akamgeukia muuza nyanya aliyekaa kulia kwake. "Mimi nimekutumia wewe. Mbona huyu anasema nimempa mume wako?"

Muuza nyanya akaziba mdomo kwa mkono. Akatuma na yeye, nikasoma: likatokea jina la baba mkwe wa jirani yake. Mwingine likatokea la mwanawe wa kwanza, yule mwenye boda boda. Tukafika kwa binti mmoja wa nguo za mitumba, likaja jina ambalo hakuna aliyelijua mle ndani. "Huyu ni nani?" "Wallahi simjui." Laini aliinunua barabarani, kwa kijana wa mwavuli, ikiwa imeshasajiliwa. Hapo chumba kikalipuka. Mmoja akauliza mahari ililipwa lini, mwingine akasema bora huyo, hadai chakula cha jioni. Nilicheka mpaka nikashindwa kusoma. Mwalimu naye akacheka, ingawa nina hakika kichekesho hakukielewa, maana nilikuwa sijamtafsiria.

Nalongo ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Akaniuliza, si mwalimu, mimi: "Kwa hiyo tukigombana na mume, akaenda na kitambulisho chake akasema laini imepotea, wanampa nyingine?"

Nikamfikishia mwalimu. Akasema ndiyo.

"Na pesa iliyomo?"

Mwalimu akapangusa ubao ambao haukuwa na maandishi. "Inamfuata mwenye jina," akasema. Nikalitafsiri hilo polepole, nikisikia linavyozunguka chumba, kutoka Kiswahili kwenda Kisamia, kutoka Kisamia kwenda Kiteso kule nyuma.

Wala haikuwa siri kubwa. Mwaka 2017 kila laini ilitakiwa isajiliwe upya kwa kitambulisho cha taifa, la sivyo izimwe, na ile patashika wote tuliiona. Nani angeacha meza ya nyanya siku nzima apange foleni? Alienda aliyekuwa na nafasi, na aliyekuwa na nafasi alikuwa baba.

Ikafika zamu ya Hajati wangu. Likatokea jina la marehemu mume wake, aliyesajili laini ile katika foleni zile zile kisha akafariki kabla ya mwaka kwisha. Mwalimu akamwambia kwa adabu kabisa kwamba inafaa aibadilishe, mashemeji wasije wakaidai. Hajati akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, watu wa Tororo na Mbale wakituma pesa ya mchele wakaona jina hilo, wanajua imefika. Wakiona langu watapiga simu kuuliza huyu mwanamke ni nani. Na mashemeji unaowasema, siku wakisikia jina la ndugu yao limetoka, ndiyo siku watakayokuja kuhesabu magunia."

Kwenye makaratasi ya mwalimu hilo halikuwemo.

Tukala, tukapigwa picha, tukapewa vyeti. Baadaye niliiona ripoti: akina mama wote mle walihesabiwa kuwa wameunganishwa na huduma za fedha za kidijitali. Kodi ya asilimia 1 ilipunguzwa mwaka ule ule hadi nusu asilimia, kwa kutoa tu. OTT ilidumu hadi 2021, ikabadilishwa kuwa asilimia 12 kwenye bando la intaneti. Hajati, hadi naondoka Busia, alikuwa bado anapokea kwa jina la marehemu. Nalongo alijisajilia laini yake, lakini wateja waliendelea kutuma kwenye ile ya zamani, na pesa ya mukene ikawa inaingia kwa mzee aliyekuwa hajui mukene huuzwaje. Waliyamalizaje sijui. Nikisikia siku hizi wanasema mpe mwanamke simu atainuka, hujikuta nataka kuuliza laini ni ya nani, kisha namkumbuka Hajati na yale magunia, nanyamaza.

Ile 1,000 ya zoezi Nalongo hakurudishiwa. Kila alipomdai muuza nyanya, alijibiwa kwamba si yeye aliyetumiwa, aende akamdai mume wake.