Nilivyopata tovuti ya duka la leso kwa bei ninayoimudu
Wateja wa Nairobi na Kisumu walitaka kuona leso kabla ya kuagiza. Duka letu liko Biashara Street, Mombasa, na bei nilizotajiwa na mafundi wa tovuti zilizidi faida ya msimu mzima wa harusi.

Nikaamua kununua kila kitu peke yake. Jina la tovuti, linaloishia na .co.ke, nililisajili kupitia wakala aliyeidhinishwa na KeNIC, wanaosimamia majina yote ya .ke. Hapa nasisitiza, ndugu zangu: lisajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako, si ya fundi. Mkikosana naye, tovuti isije ikaondoka naye. Kisha nikalipia hifadhi ndogo ya pamoja, yaani nafasi kwenye kompyuta ya mtandaoni inayotumiwa na tovuti nyingi, nikaweka WordPress, programu ya kuundia tovuti, na cheti cha usalama cha Let's Encrypt. Vyote viwili ni bure.

Mfumo wa malipo ndani ya tovuti sikuuweka; huo ndio unaopandisha gharama. Kila leso ina picha, maandishi yake na kitufe cha WhatsApp, na mteja hulipa kwa M-Pesa. Picha nilizipunguza uzito, kwa sababu wengi hufungua kwa bando za simu. Ninacholipia sasa ni jina na hifadhi tu, kila mwaka.