Sarufi yake ilikuwa sahihi

Afadhali mwalimu angesema Saruul, mwenzangu wa darasa la Kikorea, kakosea. Ningelala.

Wiki hii mtihani wa katikati ya muhula umepita, theluji ya kwanza imeanguka hapa Chuncheon, Korea Kusini, dada Rehema kajifungua salama mtoto wa kike (mnaouliza jina, subirini siku ya saba), na mimi kichwani nina sentensi moja tu ya Kikorea inayozunguka kama nzi aliyefungiwa chumbani.

Tuko kwenye ile sura ya kusema unachotaka. Kwa sisi wa daraja la kwanza, saa 200 ndani ya wiki 10, hii ni sura tamu, maana ghafla unaacha kuwa mtoto wa kutajataja vitu: kalamu, meza, tufaha. Unachukua shina la kitenzi unabandika -go sipeoyo (고 싶어요), kazi imekwisha. Gada ni kwenda, gago sipeoyo nataka kwenda. Meokda ni kula, meokgo sipeoyo nataka kula. Viambishi vingine vya Kikorea vinakuuliza kwanza shina limeishia na irabu au konsonanti, hiki hakiulizi. Kitu unachotamani kuwa nacho, unasema gatgo sipeoyo. Dukani na mgahawani mwalimu alituonya tusiingie na "nataka" hiyo, huko ni juseyo: mul jom juseyo, naomba maji kidogo. Hapo sikusumbuka hata kidogo. Sisi tuliolelewa na Bi Mkubwa tunajua ukisema "nataka chai" unapewa kofi kwanza, chai baadaye.

Kasheshe iko kwa mtu wa tatu. Kwa Kikorea husemi tu kwamba fulani anataka. Kutaka kwako unakujua wewe. Kutaka kwa mwenzio, uliingia moyoni mwake lini? Kwa hiyo unaongeza hada mwishoni, inakuwa -go sipeo haeyo: anaonekana kutaka, ana mambo ya mtu anayetaka. Na si kutaka tu. Nikisikia baridi mimi, nasema chuwoyo. Akiisikia mwingine, chuwo haeyo. Mwalimu hakuhangaika kutafuta mfano, alininyooshea mkono nilivyokaa na koti, skafu na kofia ya sufu, mashine ya joto inapuliza juu ya kichwa changu: "Juhura-ssi-neun chuwo haeyo." Darasa likacheka, nami nikacheka. (Kikorea hakina sauti ya z. Nimeshazoea kuwa Juhura.)

Basi likaja zoezi. Unamuuliza mwenzio likizo anataka kufanya nini, kisha unasimama unawaeleza wengine. Nilipangwa na Saruul, yule dada wa Ulaanbaatar, Mongolia, mliyemwona kwenye picha za Chuseok, sikukuu ya mavuno ya huku. Nilimjibu polepole, kwa ufasaha wangu wote: Busan-e gago sipeoyo. Bada-reul bogo sipeoyo. Nataka kwenda Busan, nataka kuona bahari. Akaandika. Kwa macho yangu nilimwona akiandika 부산.

Zamu yake ikafika. Akasimama, akatazama karatasi, akanitazama mimi, akaigeuza karatasi chini juu.

"Juhura-ssi-neun jib-e gago sipeo haeyo."

Zuhura anataka kwenda nyumbani.

Mwalimu akanigeukia. "Jinjjayo?" Kweli?

"Aniyo," nikasema. Hapana. Niliisema haraka mno.

Mwalimu akafikiri kidogo. "Munbeop-eun majayo." Sarufi ni sahihi. Anayefuata!

Tangu hapo kila ninachofanya nakitazama kama ushahidi. Simu yangu ina saa mbili kwenye kioo, ya hapa na ya Tanga. Kwani kosa? Tukitoka saa saba mchana, Tanga ni saa moja asubuhi, Bi Mkubwa kainjika chai, napiga. Kila mtu anapiga kwao. Mapumziko nakunywa kahawa dirishani, peke yangu, kwa sababu pale ndipo panapopiga jua. Koti sivui kwa sababu ya baridi, si kwa sababu nakaribia kuondoka. Nimejitetea hivi bafuni, kwenye basi, kwenye foleni ya kulipia mayai, na mshitaki wangu hayupo.

Kinachonichoma ni kwamba hakuna pa kumbishia. Angesema kwa Kiswahili "Zuhura anataka kwenda kwao", ningemshika: we umejuaje, nilikuambia lini? Kikorea kimemwekea kinga. Hakusema anajua moyo wangu. Alisema ndivyo ninavyoonekana. Sasa mtu utakataaje unavyoonekana, nawe hujioni? Usiku nilikwenda mbele ya kioo nikajaribu kuweka uso wa mtu anayetaka kwenda Busan. Sijui ukoje. Niliinua nyusi.

Nilimwambia Bi Mkubwa, akaniuliza huyo binti ana mama. Nikasema anaye. Akasema, "Haya." Mnamjua. Nilimsubiri aongeze neno, akaanza habari za mtoto wa Rehema na nywele alizozaliwa nazo.

Alhamisi Saruul alinikuta ukumbini na chupa yake ya chai. Suutei tsai, chai ya kwao: maziwa, majani na chumvi. Chumvi, jamani, mimi mtu wa Tanga wa iliki na sukari vijiko vitatu. Nilipiga funda moja la adabu, nikaona bora niulize tu yaishe. Wae? Kwa nini ulisema jib, nyumbani?

Hakukumbuka! Ilibidi nimrudishie sentensi nzima, na lafudhi yake. Halafu akacheka mpaka chai ikamwagikia mkono wa koti. "Busan, Busan, Busan," akasema, akihesabu kwa vidole waliotangulia kusimama, "jaemi eopseoyo." Haina raha. Wote waliomtangulia walikuwa wanataka kwenda Busan, Wavietnamu wawili, yule kaka wa Kazakhstan, wote bahari, na yeye hakutaka kuwa wa kuirudia tena. Jib, 집, ndilo neno la kwanza lililomjia, na tahajia yake alikuwa na uhakika nayo.

Kwa hiyo nimekosa usingizi kwa ajili ya mtu aliyechoshwa na Busan. Nilicheka hadi mlinzi akachungulia. Nilijisikia mwepesi, nikanywa na funda la pili, na la tatu, na kusema kweli ile chumvi ukiiacha ikae mdomoni ina kitu.

Ila usiku ilinijia nyingine, na hii sikumwambia mtu: nilihuzunika kidogo. Wiki nzima nilikasirika kwamba kuna mtu kanitazama sana. Kumbe hakuna aliyekuwa akinitazama. Saruul mwenyewe, nilipomuuliza anataka nini likizo, alisema analala. Jago sipeoyo. Nami niliposimama nililieleza darasa vilevile, Saruul anataka kulala, sikumtazama hata usoni.

Mengine. Athumani katuma picha ya mwembe wa nyuma. Tangu vuli ianze umezidi kuinama, sasa tawi kubwa liko juu ya bati la choo cha jirani, na jirani mwenyewe mnajua alivyo. Fundi wa kukata anadai elfu themanini. Bi Mkubwa hataki kusikia kwa sababu ulipandwa na babu. Jana usiku imenyesha tena. Nimemwambia Athumani angalau wakate hilo tawi, aulize na bei ya kukodi msumeno wa mashine, kaniwekea alama ya dole gumba na hajasema lolote.