Mzee aliyeuliza kuhusu ukanali

Mwaka 2006 nilikuwa sajenti jeshi la nchi kavu la Marekani, ofisi ya S1, ile inayoshughulika na karatasi za wanajeshi. Vita ya Iraq imepamba moto, maofisa wa kati hawatoshi, kwa hiyo wastaafu walikuwa wanarudishwa kazini, wengine wameombwa wengine wameomba wenyewe. Ndo akaja huyu mzee, luteni kanali, alishastaafu na pensheni yake anakula, karudi kwa hiari kabisa, na kusema kweli alikuwa anachapa kazi kuliko vijana.

Siku hiyo akanitandikia mezani tangazo la bodi ya kupandisha watu kuwa kanali. Kwenye tarehe za vyeo alikuwa amepiga mstari mwekundu, na tarehe yake yeye ya kupata uluteni kanali ilikuwa inaingia vizuri tu. Akaniuliza, "Sajenti, mbona jina langu halimo?"

Nikafungua sheria, Taito 10, ile sehemu ya sheria za Marekani inayohusu majeshi, tukasoma wote. Kifungu cha 688 ndo kinampa waziri mamlaka ya kumwita mstaafu, cha 689 kinasema anarudi na cheo alichostaafu nacho. Sasa shida iko 641. Bodi zinapitia maofisa walio kwenye orodha ya walio kazini, na hicho kifungu kinataja wasiohusika na utaratibu huo, na wastaafu waliorudishwa wamo. Yaani umevaa gwanda, unapokea mshahara kamili, unaandikiwa ripoti za utendaji kama wenzako, ila bodi faili lako halifungui.

Akakaa kimya kidogo, alafu akasema, "Na MacArthur je?" Swali zuri hilo, maana MacArthur, yule jenerali wa Vita ya Pili ya Dunia, alistaafu mwisho wa 1937, akaitwa Julai 1941 kama meja jenerali na kesho yake tu akawa luteni jenerali. Nikamwambia afande, ile haikuwa bodi, ule ni mkono wa Rais. Grace Hopper wa jeshi la maji vilevile, yule mama wa kompyuta, alistaafu 1966 akiwa kamanda, 1967 wakamwita tena, 1973 akawa kapteni, ambaye majini ni sawa na kanali, na 1983 akapanda tena kwa uteuzi maalum wa Rais Reagan, akaja kuondoka 1986 ana miaka 79 akiwa admirali wa nyota 1. Hata juzi juzi 2025 Dan Caine katolewa kwenye ustaafu na nyota 3 akapewa ya 4 awe mkuu wa wakuu wa majeshi, Rais kateua, Seneti ikapitisha kwa kura 60 kwa 25. Mlango upo, lakini ni wa watu wa juu sana, luteni kanali wa kambini haugusi.

Mimi sababu ya sheria naielewa, kuna meja na luteni kanali wanasubiri nafasi na mstaafu zamu yake alishapata. Kilichoniuma ni kwamba mzee wa watu alisaini kurudi na hakuna aliyemweleza, na hili jambo ni la dakika tano tu.

Basi tukageukia pensheni, huko kulikuwa na la kumwambia. Kifungu cha 1402 kinasema muda anaotumikia akirudi unaingia kwenye hesabu, alafu akikaa miaka 2 mfululizo wanapiga hesabu kwa viwango vipya vya mishahara, akiondoka kabla wanatumia vile vya zamani alivyostaafia. Yeye order yake, yaani amri ya kumrudisha kazini, ilikuwa ya mwaka mmoja. Akaniuliza mara mbili kama nina uhakika, nikamwonyesha maandishi, akasema, "Niandalie maombi ya mwaka wa pili."

Nikayaandaa mchana huohuo. Yalipita, akamaliza miaka yake 2 akarudi kwao luteni kanali vilevile, pensheni imepigwa upya. Na kila mstaafu aliyekuja mezani kwangu baada ya hapo nilimsomea 641 na 1402 kabla hajashika kalamu.