Nilivyookoa kuta za mbavu za mbwa Ngamiani

Mafundi karibu wote waliniambia nivunje kuta zangu za mbavu za mbwa, yaani boriti na fito zilizokandikwa udongo, nijenge kwa bloku. Mmoja akasema hapana, piga wavu wa kuku halafu lipu ya saruji. Nilimfuata huyo, na ndiye aliyenitia hasara.

Nyumba yenyewe ni ya Kiswahili, ipo Ngamiani, Tanga: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uwani nyuma. Nyumba za ramani hii ndizo zilizowahifadhi makuli wa bandari na watu wa reli iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893. Mpangaji alikodi chumba, lakini jiko, choo na ukumbi vilikuwa vya wote. Huwezi kufika uwani bila kusabahiana na nyumba nzima. Ukigawa ukumbi huo kwa bloku, umeua nyumba.

Saruji ilipendeza mpaka masika. Ikaanza kuvimba, ukiigonga inalia tupu. Nilibandua kipande kikubwa kama mlango: nyuma yake udongo umelowa kama unga wa chapati, miguu ya boriti imelika, mchwa wamejenga. Ukuta wa kukandika hufyonza maji ya ardhini na kuyatoa taratibu kwa nje. Saruji huziba njia hiyo. Tena udongo huvimba na kunywea, saruji haifuati, ndiyo maana huachana.

Nguzo nilizibadilisha moja moja bila kugusa paa, na hapa najisifu. Jeki ya gari juu ya ubao mpana, gogo juu yake mpaka kwenye mwamba, yaani mti wa mlalo unaobeba paa juu ya nguzo. Unapandisha kidogo kidogo huku unajaribu kupitisha karatasi kati ya kichwa cha nguzo na mwamba. Karatasi ikipita, simama hapo hapo. Ukizidisha, kuta za jirani zinapasuka. Kata palipooza, unga kipande kipya kwa kupishanisha na bolti mbili, kisha kisimamishe juu ya jiwe lililoinuka kama sentimita 30. Usikifukie tena ardhini. Boriti za mikoko zinataka kibali cha misitu.

Kukandika mnakujua, mimi niliongeza nyasi kavu zilizokatwa urefu wa kiganja na kuulaza udongo siku mbili. Uache ukauke kabisa kabla ya lipu.

Chokaa niliiloweka kwenye pipa mwezi mzima, maji yakiifunika. Kama ni chokaa hai, yaani iliyochomwa na haijatiwa maji bado, mimina chokaa kwenye maji, kamwe si maji kwenye chokaa, na ufunike macho: inachemka. Ndoo moja ya chokaa, tatu za mchanga wa mtoni. Wa baharini una chumvi. Lowesha ukuta, piga tabaka lisilozidi sentimita moja, kisha tundika magunia mabichi kwa wiki. Chumba kimoja nilikiacha juani, kikachanika chote, nikarudia.

Gharama haikufika nusu ya niliyotajiwa ya bloku. Iliyobaki niliongezea mabati, paa litokeze zaidi, mvua isirushe matope ukutani wala barazani.