Kikombe cha shangazi kwenye mizani

Leo asubuhi nilikuwa jikoni kwa shangazi, Mombasa.

Dada yangu yuko Ujerumani, anataka kupika mahamri ya nyumbani, na mizani yake ya huko inajua gramu tu. Shangazi naye ana kikombe chake cha bati, hicho ndicho kipimo cha kila kitu. Basi nikabeba mizani ndogo ya jikoni.

Maji kwanza: gramu 250. Mililita moja ya maji ni gramu moja, kwa hiyo kikombe ni cha mililita 250.

Sukari, kikombe kilekile: 210.

Unga wa ngano ndio uliotuchelewesha. Shangazi akautia kwa kijiko, taratibu, akafuta juu kwa mgongo wa kisu. 130.

Kisha akakizamisha kikombe ndani ya mfuko wa unga, akakigongagonga mezani, akajaza tena. 165!

Akainamia mizani. "Mwanangu, kikombe ni hichohicho, unga ni huohuo, mbona umezidi?"

Akatulia, akausugua unga kwa vidole. "Aaa. Hapa nimeushindilia. Kule ulikuwa na hewa."

Jinsi uso wake ulivyong'aa! Nimefurahi mno.

Akasema wa kijiko ndio wake. Nimeshamtumia dada: unga vikombe vinne, gramu 520; sukari nusu kikombe, gramu 105. Tui la nazi hatukulipima, shangazi huliongeza kidogo kidogo mpaka donge lilainike.

Wapishi wenzangu, nyumbani kwenu unga mnauchota au mnautia kwa kijiko? Na kikombe chenu kina gramu ngapi?