Mchawi, mganga na kivuli

Kwa Jumamosi tatu mfululizo tulibishana juu ya neno moja tu, na katika miaka yote niliyosoma vitabu sijapata kuwa na Jumamosi njema kuliko hizo. Neno lenyewe lilikuwa "mchawi". Tulikuwa tumeketi barazani kwa Hajati, hapa Bombo, kaskazini mwa Kampala kwenye barabara iendayo Gulu, watu tisa tumezunguka sahani ya kabalagala na birika la chai ya tangawizi, na kitabu kilikuwa mikononi mwangu kwa sababu zamu ya kusimulia ilikuwa yangu.

Inafaa nieleze kwanza tunavyosoma. Riwaya za kifantasia tunazozipata huku karibu zote ni za Kiingereza, na si wote miongoni mwetu wanaokisoma Kiingereza kwa raha. Hajati alilelewa kwa Kinubi na Kiswahili. Kiingereza anakisikia, lakini husema hakimwingii moyoni. Kwa hiyo mmoja wetu huisoma sura nyumbani kwake, kisha huja kuisimulia kwa Kiswahili mbele ya wengine, nao wana ruhusa ya kumkatiza wakati wowote. Wapo waliotuambia kwamba kusimulia namna hiyo ni kukipunguza kitabu. Mimi nimeona kinyume chake, kwa kuwa msomaji aliye peke yake huweza kulipita neno gumu kimyakimya, lakini msimuliaji aliyezungukwa na watu wanane hana pa kujificha. Lazima achague, na akishachagua lazima ajitetee.

Kitabu kilikuwa A Wizard of Earthsea cha Ursula K. Le Guin, kilichotoka mwaka 1968, na ugomvi ulianzia kwenye jina la kitabu kabla hatujafika ukurasa wa kwanza. Nilisema "mchawi", na Hajati akaweka kikombe chake chini. Mchawi kwetu ni mtu wa kuogopwa, mwenye kutoka usiku na kudhuru watoto wa jirani, ambaye akishajulikana mtaani hapati hata wa kumpa chumvi. Ged wa kitabuni ni mtoto mchunga mbuzi wa kisiwa cha Gont, mwana wa mfua shaba, ambaye wavamizi walipokuja aliwafunika kwa ukungu akakiokoa kijiji chake. Itakuwaje tumwite jina hilo? Dada mmoja muuguzi akapendekeza "mganga". Mzee wetu, mwanajeshi mstaafu ambaye Kiswahili chake ni cha kambini na hakina mapambo, akakataa palepale. "Mganga hutibu," alisema. "Huyu amemtibu nani? Mtoto aliyejaribu kumtibu amemfia mikononi."

Alikuwa na haki ya kulikumbuka tukio hilo, kwa maana ndilo lililotunyamazisha kuliko mengine yote. Mtoto wa rafiki yake Ged, fundi wa mashua, ameshikwa na homa kali. Ged amefundishwa kwamba mwenye elimu kama yake huponya jeraha na huondoa maradhi, lakini roho inayoondoka huiachia iende zake. Kwa uchungu wa urafiki anaivuka kanuni hiyo, anaifuata roho ya mtoto gizani, na anapogeuka kurudi anakuta kile kinachomwinda kimemngoja penye ukuta wa mawe unaotenga walio hai na wafu. Niliposimulia hapo, muuguzi wetu alisema kwa sauti ya chini kwamba kanuni hiyo anaijua, ingawa hospitalini hawaiandiki ukutani. Kisha akaiita kwa jina lake la Kiswahili: mwiko.

Tangu siku ile neno hilo ndilo ufunguo wetu wa kusomea. Wapenzi wa fantasia duniani kote hushindana juu ya kanuni za uchawi katika riwaya, kwamba mwandishi aziweke wazi kiasi gani na aziheshimu vipi. Sisi tunalo neno linaloyabeba yote hayo kwa silabi mbili. Mwiko una sharti ndani yake, una anayekatazwa, na una malipo ya atakayeuvunja. Riwaya ambayo watu wake wana nguvu za ajabu bila mwiko wowote inachosha upesi, hata ijazwe majoka kila ukurasa, kwa kuwa hakuna linaloweza kumponyoka mtu yeyote. Katika Earthsea, dunia ya visiwa vitupu, wanafunzi wa Roke, kisiwa chenye shule ya elimu kama ya Ged, huonywa kwamba mvua ikinyesha kisiwani kwao huenda ikawa ukame kwenye kisiwa kingine. Kwa mkulima wa Luwero, anayeitazama mbingu kila Machi, sentensi hiyo haihitaji kufafanuliwa.

Jambo jingine lililomfanya Hajati asogeze kiti chake mbele lilikuwa rangi. Ged ana ngozi ya hudhurungi iliyoingia wekundu, rafiki yake Vetch ni mweusi, na watu weupe ni wale wavamizi wa Karg. Nilipolisema hilo aliniomba nirudie, kisha akauliza mwandishi alikuwa mtu wa wapi. Nikamjibu kwamba alikuwa Mmarekani mzungu, na kwamba alifanya hivyo kwa makusudi wakati ambapo mashujaa wa riwaya za aina hiyo walikuwa weupe takriban wote. Hajati alitikisa kichwa kwa kuridhika, akaniambia niendelee.

Baada ya hapo likaja neno "kivuli". Ged, akiwa kijana mwenye majivuno, anashindana na mwenzake shuleni na kuita roho ya mwanamke aliyekufa zamani, na kupitia ufa alioufungua kinatoka kitu cheusi kinachomrarua uso na kumfuata kwa miaka kadhaa. Kwa Kiingereza kitu hicho huitwa "shadow", neno lenye baridi na giza. Kivuli cha Kiswahili, hasa kwa watu wa jua kali kama sisi, ni mahali pa kupumzikia: ni mwembe wa Hajati wenyewe, ambao viti vyetu huhamishiwa chini yake saa nane mchana. Kijana mmoja fundi wa pikipiki alitaka tuseme "mzuka", neno ambalo kila mtoto analiogopa. Nilipinga, na bado napinga. Mzuka hutoka nje ya mtu, ni wa makaburini na njia panda, ilhali kivuli ni chako mwenyewe, unacho tangu ulipozaliwa, nacho huwa kirefu zaidi jua linapokuwa chini. Sikujua wakati ule kwamba hoja yangu ilikuwa imeligusa jibu ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nalikataa.

Maana kitabu chetu kilikuwa na kasoro. Nilikinunua kwa muuza vitabu vya mitumba jijini, akaniapia kwamba kilikuwa kamili, na sikukifungua mwisho wake hadi usiku wa kuandaa zamu yangu. Karatasi za nyuma zilikuwa zimeng'oka zote. Ged na Vetch wamo mashuani, wamekwisha kukipita kisiwa cha mwisho cha mashariki, mbele yao ni bahari tupu, na hapo ndipo gundi ya jalada ilipoonekana. Nilikwenda Bombo na aibu, nikawaambia ukweli. Walivyoupokea sikutarajia: walifurahi. Mzee akasema kwamba sasa tungejua ni nani aliyesikiliza.

Swali lilikuwa jina la kivuli. Katika Earthsea kila kitu kina jina lake la kweli, na anayelijua jina ndiye mwenye nguvu juu ya mwenye jina. Hivyo Ged hawezi kukishinda kinachomfuata bila kulijua. Mkuu wa shule ya Roke alimwambia kwamba kitu hicho hakina jina. Ogion, mwalimu wake wa kwanza, alisema kwamba vitu vyote vina jina. Mzee alisimama na mkuu wa shule, nami nikasimama na mzee. Muuguzi alishikilia kwamba jina ni la yule mwanamke aliyeitwa kutoka kwa wafu. Tulibishana hivyo hadi chai ikapoa, ndipo binti wa kidato cha tatu, mjukuu wa Hajati, ambaye kwa kawaida kazi yake ni kuleta birika, akauliza kama anaweza kusema.

"Jina lake ni Ged," alisema. "Mlisimulia kwamba kivuli kilipomvaa yule mtu wa njiani, kilimwita Ged kwa jina lake la kweli. Nani alikuwa amekiambia? Kililijua kwa sababu ndilo lake."

Hakuna aliyemjibu mara moja. Mzee alisema huo ulikuwa ujanja wa wanafunzi wa leo, lakini alilisema hilo taratibu, kama mtu anayetafuta muda wa kufikiri.

Ni katika wiki hizo za kungoja ndipo Fumo Liyongo alipoingia barazani. Vetch, siku wanapoagana, humpa Ged jina lake la kweli, Estarriol, na kwa watu wa dunia ile kufanya hivyo ni kumkabidhi rafiki uhai wako. Hajati alisema Waswahili wana kisa hicho tangu zamani, ila kwao kiliishia vibaya. Liyongo alikuwa hauawi kwa mshale wala mkuki. Alimfunulia mwanawe kwamba kilichoweza kumuua ni sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na mwana, aliyekwisha kuahidiwa makubwa na adui wa babake, akamchoma alipokuwa amelala. Liyongo alijikokota hadi kisimani, akapiga goti, akautia mshale kwenye upinde, akafa katika hali hiyo, na watu wa mji wakakaa bila maji kwa kuogopa maiti. Zawadi ni ileile, siri ya uhai iliyotolewa kwa mtu unayempenda. Mmoja akaitunza, mwingine akaiuza. Kijana fundi aliuliza ni kipi kati ya visa hivyo viwili kilicho cha kweli zaidi, na sijasikia swali zuri kuliko hilo tangu tulipoanza kukutana.

Ya tai wa Tolkien sitayakalia sana. Kila mahali wanapokusanyika wasomaji wa The Lord of the Rings hutokea mmoja anayeuliza kwa nini tai wakubwa hawakuwabeba wale hobiti, watu wadogo waliotumwa kuiangamiza pete ya adui Sauron, hadi nchi yake ya Mordor tangu mwanzo, na kwetu alitokea pia. Jibu ninaloliona la haki ni kwamba katika hadithi ile wenye nguvu kubwa ndio waliofungwa na mwiko mkubwa: Gandalf, mzee mwenye nguvu za ajabu aliyewaongoza, na wenzake walikatazwa kushindana na Sauron nguvu kwa nguvu, na Gandalf alipopewa pete hiyo aliikataa kwa hofu. Muuguzi aliongeza kwamba ndiyo sababu Ggulu, mwenye mbingu katika kisa cha Waganda, hakushuka mwenyewe kumkamata Walumbe.

Hapo ndipo mjadala ulipowaka moto. Kila mtu hapa Buganda anakijua kisa hicho. Nambi, binti wa Ggulu, na mumewe Kintu wanaagizwa waondoke mbinguni asubuhi na mapema na wasirudi kwa lolote, Nambi anarudi kuchukua ulezi wa kuku, na Walumbe, kaka yake aliye kifo chenyewe, anawafuata hadi duniani. Baadaye Kayiikuuzi, ndugu yao mwingine, anatumwa kumrudisha, watu wanaamriwa wajifungie ndani wala wasipige kelele, watoto wanamwona Walumbe na kupiga yowe, naye anaponyoka. Miiko miwili katika kisa kimoja, na malipo yake ndiyo vifo vyetu sote. Kijana fundi alisema hiyo ndiyo fantasia bora kuliko zote alizowahi kusikia. Mzee alikasirika kweli. Huko Ttanda, wilayani Mityana, alisema, yapo mashimo ambamo Walumbe alijificha, na watu hufika hadi leo na maombi yao. Huwezi kuchukua kinachosujudiwa ukakiweka rafu moja na kilichobuniwa na mtu mezani kwake. Hajati, ambaye ni Mwislamu wa sala tano, alimuunga mkono kwa sababu zake: majini kwake wametajwa katika Kurani, na hataki kusikia jini akiitwa kiumbe cha fantasia.

Niliwaza sana juu ya hilo nikiwa kwenye matatu ya kurudi mjini, na rai yangu ni kwamba mzee yuko sahihi kuhusu jina, na kijana yuko sahihi kuhusu sikio. Neno fantasia lina mkataba ndani yake, kwamba msimuliaji na msikilizaji wote wawili wanajua jambo limebuniwa, na mkataba huo haupo Ttanda. Hata hivyo anayekuja kwenye Earthsea akiwa amelelewa na Nambi na ulezi wake hufika akiwa na sikio lililokwisha kunolewa. Anajua kwamba neno "usirudi" likitamkwa mwanzoni mwa hadithi, mtu atarudi. Tangu siku ile hatuiti visa vya Buganda fantasia mbele ya mzee, wala hatuachi kuvitumia kupimia fantasia za wengine.

Nakala nzima niliipata mwezi uliofuata, nikaazimwa na rafiki kwa sharti la kuirudisha ndani ya siku tatu. Sikutaka kusimulia mwisho ule. Nilimpa binti kitabu, akatafsiri mwenyewe mstari kwa mstari, kidole kikiwa juu ya karatasi. Bahari imegeuka mchanga chini ya miguu ya Ged, anatembea kukielekea kivuli, fimbo yake ikiwaka. Anakiita kwa sauti, waziwazi, na papo hapo kivuli, bila midomo wala ulimi, kinalitamka neno hilohilo: Ged. Binti hakuinua macho kututazama, alisoma tu. Hajati alimwomba arudie sentensi hiyo, naye akairudia, na mara ya pili muuguzi alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitenge chake.

"Basi mwiteni mganga," Hajati alisema. "Amejitibu."

Mzee akaguna kwamba mtu mmoja hatoshi, na kwamba mtoto wa fundi wa mashua bado amekufa. Binti akafunga kitabu, akasema yeye angebaki na mchawi, kwa kuwa Ged asingekuwa na la kutibu kama hangedhuru kwanza. Adhana ya magharibi ilipoanza kila mtu alikuwa na neno lake, na Hajati aliinuka kwenda kutawadha akituagiza tusimalize bila yeye.