Mgeni wa pembe tatu

Watu wangu, leo jioni hapa Dagoretti shughuli zilisimama.

Watoto wa ploti walikuwa wamejazana kwenye ua wa miti, mmoja ameshika fagio, wengine wanapiga nduru. Nikadhani ni nyoka.

Kumbe kinyonga! Dume, kijani kibichi, pembe tatu usoni kama kifaru aliyekataa kukua.

Nikaomba lile fagio, nikawaambia tumwangalie tu.

Jicho moja lilikuwa linatutazama sisi. Lingine limegeukia nyuma, linamfuata nzi. Kila jicho na kazi yake!

Tukanyamaza.

Mara ulimi ukachomoka, nzi hayupo. Yaani ukipepesa macho umekosa. Na ulimi wenyewe akiurusha ni mrefu kuliko mwili wake, ukiacha mkia.

Basi nikawamwagia na mengine. Huyu ni kinyonga wa Jackson, mwenyeji wa nyanda zetu za juu. Vinyonga wengi hutaga mayai, lakini jike wa aina hii huzaa watoto walio hai, pengine 20 kwa mpigo. Tena wako hadi Hawaii, walifikishwa huko 1972 kuuzwa kama wanyama wa kufuga.

"Anko, walienda na ndege?"

Eti! Wametutangulia mimi na wewe.

Mama wa nyumba ya mwisho ameapa hapiti hapo mpaka "huyo mkosi" aondoke.

Nyinyi mliambiwa nini kuhusu kinyonga mkiwa wadogo? Na nani amewahi kumwona wa pembe mtaani kwake?